Dawati la Fundi: TV yenye sauti bila picha, namba tatu za LUKU na betri iliyofura

Barua za mwezi huu ni nyingi na nyingi zinafanana, mtu ana kitu kimezima ghafla, kaambiwa "hii imeungua nunua nyingine", na roho inamuuma kwa sababu hela ya nyingine hamna. Mi nasema kila siku na leo narudia, kifaa cha umeme mara nyingi hakifi chote, kinakufa kipande kimoja kidogo mule ndani na vingine vyote vinabaki vizima. Kwa hiyo nimechagua barua ambazo jibu lake linaweza kuokoa kitu cha mtu, pamoja na chache za watu wanaotaka tu kujua, na hizo nazipenda sana.

SWALI: Fundi habari za kazi. TV yangu ya inchi 32 juzi ilizima picha ghafla lakini sauti inatoka vizuri na rimoti inafanya kazi, hata chaneli nabadilisha. Nimeambiwa kioo kimekufa na kioo bei yake ni sawa na TV mpya. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu, Tandika)

JIBU: Dada yangu usiitupe hiyo TV wala usimpe mtu wa vyuma chakavu. Leo usiku zima taa za sebuleni, washa TV mpaka usikie sauti, alafu chukua tochi ya simu umulike kioo kwa karibu kabisa, kwa upande kidogo. Ukiona picha kwa mbali, watu wanatembea, maandishi ya habari yanapita chini, basi kioo chako kizima kabisa. Kilichokufa ni taa za nyuma ya kioo, mafundi tunaziita baklaiti.

Kioo cha hizi TV bapa hakitoi mwanga chenyewe, kazi yake ni kuzuia na kuachia mwanga unaotoka nyuma, na huo mwanga unatoka kwenye vijitaa vya LED vilivyopangwa kwenye stripu ndefu. Vijitaa hivyo vimeungwa mfululizo, umeme unapita cha kwanza, unaingia cha pili, cha tatu, mpaka wa mwisho, sasa kimoja kikikata njia yote imekatika na kioo kizima kinakuwa giza. Ndo maana pia kuna TV zinawaka picha sekunde moja mbili alafu zinazima huku sauti inaendelea, hapo bodi imegundua taa zina tatizo ikakata umeme wake yenyewe.

Kinachoviua ni joto. Taa nyeupe ya LED ukweli ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu yake, bluu na njano vikichanganyika jicho linaona nyeupe (hiyo LED ya bluu iliwasumbua wataalamu miaka mingi, Akasaki, Amano na Nakamura walioiweza walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014). Watengenezaji wa TV za bei rahisi wanavisukumia hivyo vijitaa umeme mwingi ili dukani TV ionekane inang'aa kuliko ya jirani yake, na mteja anafika nayo nyumbani anaiacha vilevile kwenye mwanga wa juu kabisa mwaka hadi mwaka. Ukiona picha imeanza kuwa na rangi ya bluu au zambarau ujue ule unga umeshachoka na kukata kumekaribia.

Kwa hiyo tafuta fundi anayebadilisha stripu, zinauzwa Kariakoo kwa kufuata modeli ya TV, na mwambie abadilishe zote kwa pamoja, maana akiweka kijitaa kimoja kipya katikati ya vilivyochoka utarudi kwake baada ya muda mfupi. Usijaribu kuifungua mwenyewe, kile kioo ni chembamba sana na kukitoa bila kukipasua kunataka mikono iliyozoea, tena kwenye zile stripu kunaweza kuwa na volti zaidi ya 100. TV ikirudi ingia kwenye setingi za picha, punguza baklaiti iwe nusu. Usiku sebuleni inatosha kabisa na itaishi muda mrefu zaidi.

SWALI: Mita yangu ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) haina laini ya simu wala intaneti. Inajuaje kwamba zile namba nimezilipia kweli? Na kwa nini mwaka 2024 tulipewa namba tatu badala ya moja? (Mwalimu, Dodoma)

JIBU: Mwalimu, natamani kila mwenye mita angeuliza hivi. Mita kweli haiongei na mtu yeyote, imekaa ukutani peke yake, na bado huwezi kuidanganya. Siri iko kwenye zile tarakimu 20, ndo tokeni yenyewe.

Ndani ya mita kiwandani kumewekwa ufunguo wa siri ambao ni wa mita hiyo tu, na kompyuta inayouza umeme inaweza kuutengeneza ufunguo huohuo kwa kutumia namba ya mita yako, ndo maana ukilipa kwa namba ya mita isiyo yako basi umeme umemnunulia mtu mwingine. Ukishalipa, kompyuta inachukua kiasi cha yuniti, inaongeza alama ya muda uliolipia, inaongeza namba ya kukagua makosa, inavifunga vyote kwa ule ufunguo na kuvigeuza kuwa tarakimu 20. Wewe ukiziingiza kwenye rimoti mita inazifungua kwa ufunguo wake, zikifunguka vizuri inaamini na kuongeza yuniti. Jirani akiziingiza kwake hazifunguki, ufunguo wake ni tofauti. Na kuzirudia huwezi kwa sababu mita inakumbuka alama za muda za tokeni zilizopita, ikiona inayofanana au iliyozeeka sana inaikataa. Mfumo huu ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990 mwanzoni na sasa unatumika nchi nyingi sana, yaani kitu kilichoanzia hapahapa Afrika ndicho kinachoendesha umeme wa majumbani kwetu.

Sasa zile namba tatu. Ile alama ya muda inahesabiwa kwa dakika kuanzia 1 Januari 1993, na imetengewa nafasi ya biti 24 tu (biti ni tarakimu ya kompyuta, ama sifuri ama moja). Biti 24 zinatosha kuhesabu mpaka 16,777,216, wewe mwalimu piga hesabu mwenyewe hizo dakika ni miaka mingapi, utapata karibu 32, na zikaisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingebadilishwa kabla ya siku hiyo ingekataa kila tokeni mpya kwa sababu hesabu ingekuwa imerudi sifuri na mita ingedhani umeleta tokeni ya zamani. Kwa hiyo namba mbili za kwanza zilikuwa zinabeba ufunguo mpya, nusu huku nusu huku, na kuiambia mita isahau hesabu ya zamani, alafu namba ya tatu ndo ilikuwa umeme wenyewe. Kenya na Uganda nao walipitia hilohilo. Hesabu mpya inaanzia 2014, kwa hiyo itafika mpaka mwaka 2045 ndo iishe tena.

Mi hii kazi naiheshimu mno. Mita nyingi sana nchini zimebadilishwa ufunguo bila fundi kupanda nguzo, ni mama jikoni na mpangaji kwenye chumba chake walioingiza namba kwa vidole vyao.

SWALI: Fundi, umeme ulikatika, uliporudi taa zikawaka kali sana kama dakika moja hivi, alafu king'amuzi, sabufa na chaja mbili vyote kimya. Jirani yangu kwake taa zilikuwa hafifu muda uleule. Friji imepona, ilikuwa na friji gadi. Ni nini kile? (Mpangaji, Mwanza)

JIBU: Pole sana kaka. Hiyo ya kwako taa kali na ya jirani taa hafifu ndo imenipa jibu, hiyo ni niutro, ule waya wa kurudishia umeme, imekatika au imelegea mahali.

Kwenye nguzo za mtaani kuna waya tatu za moto na mmoja wa niutro. Kati ya waya wa moto na niutro kuna volti 230, ndo unazopata nyumbani, lakini kati ya waya wa moto mmoja na mwingine kuna volti 400. Niutro ikikatika, nyumba yako na ya jirani aliye kwenye waya mwingine zinajikuta zimeungwa mfululizo kwenye hizo 400 na zinagawana kutokana na vitu vilivyowashwa, aliyewasha vichache anapata volti nyingi na aliyewasha vingi anapata kidogo. Wewe ulikuwa na taa na chaja, yeye labda alikuwa na pasi au jiko, basi volti zikaja kwako. Kwa hiyo wote mnaosoma hapa, siku taa zikiwaka kali kuliko kawaida msisimame kushangaa, kimbilia swichi kuu zima, alafu toa taarifa ya dharura. Dakika moja ni nyingi sana kwa vifaa.

Ndani ya adapta ya king'amuzi umeme wa 230 unageuzwa kwanza kuwa umeme wa moja kwa moja wa volti kama 325 na kuhifadhiwa kwenye kapasita moja kubwa, imeandikwa ubavuni 400V. Kapasita kazi yake ni kama simtanki juu ya paa, inajaa umeme ukiwepo na kuutoa taratibu ili mtiririko usikatikekatike. Sasa volti za ukutani zikifika 320 kule ndani zinafika 450, kapasita ya 400 haiwezi, inavimba na kupasuka kichwani pale palipochorwa alama ya msalaba, na ule msalaba umewekwa makusudi ipasukie hapo isilipuke upande. Fungua (baada ya kuchomoa na kusubiri, maana ile kapasita inabaki na umeme hata ikiwa nje ya soketi, usiiguse miguu yake) utaona fyuzi imekata, kapasita imevimba, pengine na dayodi za pale mlangoni. Hizo zote ni bei ndogo sana, king'amuzi chenyewe uwezekano mkubwa ni kizima kwa sababu chenyewe kinakula volti 12 tu kutoka kwenye adapta. Kijaribu na adapta nyingine ya volti 12 yenye ampia zilezile au zaidi kabla hujanunua kingine. Sabufa ikiwa ni ile nzito yenye transfoma ya chuma, mwambie fundi aangalie chini ya ile karatasi ya njano iliyofunika koili, kwenye transfoma nyingi kuna fyuzi ya joto imefichwa pale, mara nyingi ndo imekata peke yake.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kapasita niseme jambo ambalo linanisumbua kila nikiingia kwenye nyumba za watu. Kapasita hizi ndani zina karatasi iliyoloweshwa maji ya kemikali na joto ndo linayakausha. Zimeandikwa mfano saa 2000 kwa nyuzi 105, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 10 maisha yanaongezeka mara mbili, yaani kwenye nyuzi 65 ileile inafika kama saa 32,000, zaidi kidogo ya miaka mitatu na nusu ya kuwaka usiku na mchana. Sasa angalia king'amuzi cha nyumbani kwako, kimewekwa juu ya deki, juu yake kimetandikwa kitambaa cha kudarizi kizuri kabisa, na juu ya kitambaa kuna maua. Matundu yote ya kupumulia yamezibwa, na hakizimwi. Kile kitambaa kinapendeza, lakini kitoe kwenye king'amuzi, kitandike kwenye meza.

Kuhusu kinga, ule mkebe wa soketi nyingi wenye kitaa chekundu haukingi kitu, mwingi ni waya na swichi tu. Friji gadi imeokoa friji yako kwa sababu inapima volti, zikizidi au zikipungua inakata, alafu inasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha, na huko kusubiri kuna maana yake, kompresa ikizima ndani kuna mgandamizo wa gesi unaotaka muda kushuka, ukiiwasha papo hapo inahangaika na kuungua koili. Kuna gadi za namna hiyo za TV pia. Nunua moja, unganisha TV, king'amuzi na sabufa hapo. Radi ni habari nyingine, radi ikianza chomoa plagi na waya wa antena, maana wengi wanachomoa umeme na kusahau ule waya wa dishi uliopo juu ya paa.

SWALI: Dada yangu yuko Marekani katuma blenda, pasi ya nywele na laptop. Laptop inafanya kazi, blenda ilitoa moshi siku ya kwanza. Pasi ya nywele nimeogopa kuichomeka. (Msomaji, Moshi)

JIBU: Umefanya vizuri kuogopa. Marekani umeme wao ni volti 120, wetu ni 230, karibu mara mbili, na kitu cha koili au mota ukikipa volti mara mbili nguvu inayopita inakaribia mara nne. Pasi ya nywele ya wati 50 ingetaka kula karibu wati 180, ingekuwa nyekundu mkononi mwako.

Kabla ya kuchomeka chochote kutoka nje soma kibandiko cha chini. Kikisomeka 100-240V chomeka bila wasiwasi, unahitaji plagi tu, na chaja karibu zote za laptop na simu ziko hivyo kwa sababu saketi yake ya ndani inajirekebisha yenyewe. Kikisomeka 120V peke yake unahitaji transfoma ya kushusha, na iwe na wati zaidi ya kifaa, kwa blenda ya wati 600 tafuta ya 1000 hivi. Mwambie dada pesa ya kusafirisha blenda anunulie huku. Waliopo Oman wao hawana shida hii, kule ni volti 240 na plagi ni zilezile za miguu mitatu bapa.

SWALI: Fundi salaam. Simu yangu betri imefura mpaka kava ya nyuma imeinuka. Rafiki ananiambia niitoboe na sindano hewa itoke. Na ni kweli kuchaji usiku kucha kunaharibu betri? (Msomaji, Likoni, Mombasa)

JIBU: Ndugu yangu usiitoboe, nakuomba sana. Hiyo si hewa, ni gesi iliyotokana na kemikali za ndani zilizoanza kuvunjika, na ndani yake matabaka mawili yametenganishwa na utando mwembamba sana. Sindano ikipita kwenye ule utando matabaka yanagusana, joto linapanda ghafla, na betri ya lithiamu ikishika moto hauzimiki kirahisi, unatoa moshi wenye sumu. Zima simu, usiichaji tena hata mara moja, usiikalie, usiiweke mfukoni, iweke mahali pasipo na vitu vya kuungua, kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga kama unayo, kisha peleka kwa fundi aitoe na kuweka mpya. Na ile mbovu isitupwe kwenye shimo la taka, maana sote tunajua jioni shimo linachomwa moto na watoto wako karibu.

Kuchaji usiku kucha kwenyewe hakujazi kupita kiasi, simu ina chipu inayokata ikifika kiwango, kwa betri nyingi ni volti 4.2 au zaidi kidogo. Kinachoua ni vitu viwili vikiwa pamoja, betri kukaa imejaa kabisa kwa saa nyingi na joto. Simu inayochajiwa chini ya mto huku imevaa kava nene, kwenye joto la Mombasa, inachoka upesi sana. Ukiweza ichomoe ikifika 80 au 90, usiiache izime kabisa kila siku, na ukiona inapata moto ivue kava. Baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi betri nyingi zinabaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake, hiyo ni kuzeeka kwa kawaida.

Betri za aina hii zilianza kuuzwa mwaka 1991 na Sony, na watu watatu waliozifanikisha, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipata Nobel ya kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na miaka 97. Bila hizo hamna simu janja, hamna boda ya umeme, na taa za sola za vijijini zingebaki kwenye yale mabetri mazito ya maji.

SWALI: Huku kwetu wanasema ndani ya simu kuna madini ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Ni kweli au maneno ya watu? (Mvuvi, Kigoma)

JIBU: Ni kweli kaka, tena zaidi ya moja. Koltani inayochimbwa Kivu, Rubaya kule Masisi ndo pamejulikana zaidi, inatoa tantali, na tantali inatengenezwa kapasita ndogo kuliko punje ya mchele zinazohifadhi umeme mwingi kwa umbo lake, tena hazikauki kama zile nilizozisema juu. Kobalti ya betri, zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani inatoka Kongo, Kolwezi na maeneo yale ya Katanga ya zamani. Na bati, solda tunayochomea vipande kwenye bodi sehemu kubwa ni bati, ile ya zamani ilikuwa bati 63 na risasi 37 kwa mia, inayeyuka kwenye nyuzi 183. Bati iko Kivu na iko hata huku kwetu Kyerwa, Kagera. Tanzania tuna nikeli ya Kabanga, Ngara, na grafiti ya Mahenge, vyote vya betri.

Inaniuma kwamba watu wanaochimba, wengine kwa sururu na mikono mitupu kwenye mashimo yasiyo na nguzo, wanaishi katikati ya vita ambavyo hayo madini yenyewe yanalipia bunduki zake. Marekani walitunga sheria mwaka 2010 ya kuzitaka kampuni zitangaze kama bati, tantali, tangsteni na dhahabu yao imetoka Kongo au nchi jirani, na viwanda vikaanza kufuatilia magunia kwa vibandiko. Imesaidia kiasi, lakini gunia likishavuka mpaka usiku na kuchanganywa na mengine hamna kibandiko kinachosema ukweli. Mi na wewe tunachoweza ni hiki, simu ikivunjika kioo tengeneza kioo, ikichoka betri weka betri, mpe mdogo wako aitumie. Kila simu inayoongezewa miaka miwili ni udongo wa Masisi ambao haukuchimbwa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni binti nimemaliza kidato cha nne, nataka kujifunza ufundi wa elektroniki. Watu wananiambia ni kazi ya wanaume. Nianzie wapi? (Binti, Tanga)

JIBU: Marahaba binti yangu. Anayekwambia hivyo muache aendelee na safari yake. Kazi hii inataka macho, uvumilivu na mkono usiotetemeka, nguvu haihitaji. VETA wana kozi ya elektroniki, ulizia chuo cha hapo Tanga muda wa kujiunga. Ukisubiri, anza nyumbani na vitu vya betri peke yake, umeme wa ukutani usiuguse mpaka uwe na mtu wa kukusimamia.

Tafuta maltimita (kipimo cha volti, ampia na omu), ya bei rahisi inatosha kwa sasa, na bodi za redio mbovu, kila mtaa zipo. Jifunze kutoa vipande bila kuvichoma na kuvipima kimojakimoja, utajua kipi kizima kipi kibovu, hapo tayari umewazidi mafundi wengi wanaobadilisha kwa kubahatisha. Na jifunze kanuni ya Ohm (volti ni ampia mara omu) kwa kuitumia. Chukua betri ya pikipiki ya volti 12 na LED nyeupe moja. LED inataka volti kama 3 na umeme wa ampia 0.02. Volti zilizobaki ni 9, gawanya kwa 0.02 unapata omu 450, resista (kipande cha kubana umeme) ya karibu inayouzwa ni ya omu 470, rangi zake ni njano, zambarau, kahawia. Ya robo wati inatosha. Unganisha mfululizo, mguu mrefu wa LED upande wa chanya, ikikataa kuwaka geuza miguu.

Ikiwaka pima volti kwenye LED, pima kwenye resista, jumlisha uone kama unapata zile za betri. Alafu ongeza LED ya pili kwenye mstari uleule bila kubadilisha resista, ila kabla hujaiwasha piga hesabu kwanza umeme utakuwa ampia ngapi, ndo uwashe na kupima. Niandikie ulichopata kwenye karatasi na ulichopata kwenye mita, vikitofautiana nitakwambia kwa nini.